Uzi maalumu kwa wapenda herufi za mapambo: kabla ya mbao na rangi, ijue herufi yenyewe

MpendaHerufi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekuwa nikifuatilia nyuzi za mapambo ya nyumbani ya kutengeneza kwa mkono, na maswali karibu yote yanafanana: mbao gani, rangi gani, vanishi ipi, gundi ipi inashika. Ni maswali ya maana. Ila kuna jambo halipewi nafasi yake, na ndilo linaloamua kama kibao chako cha ukutani kitapendeza au kitachosha macho. Jambo hilo ni herufi zenyewe. Mtu anapiga msasa kwa bidii, anapaka tabaka juu ya tabaka, kisha anafungua kompyuta, anachagua fonti ya kwanza yenye mikia mingi, anaichapa na kuinakili jinsi ilivyo. Mbao imetoka mkononi mwake, neno limetoka kwenye mashine, na ukitazama unaona kabisa kwamba haviendani.

Rai yangu ni moja: chora herufi zako mwenyewe. Usiogope kwamba mwandiko wako haupendezi. Mwandiko ni mazoea na kasi ya mkono. Kuchora herufi ni kupima, kufuta na kurudia hadi umbo likae. Wapo watu ambao barua zao hazisomeki, lakini herufi wanazochora zinakufanya usimame uzitazame, kwa sababu wana jicho na wana subira.

Tuanze na mifupa. Kila herufi, hata ile iliyojaa maua na mikia, ndani yake ina mifupa. Piga mistari minne kwa rula na penseli. Wa kwanza ni sakafu, herufi zinapokalia. Wa pili ni kiuno, ambapo a, m, u zinafikia. Juu yake piga mwingine kwa ajili ya b, k na l, na chini ya sakafu piga wa nne kwa ajili ya g, j na y. Kisha andika neno lako kwa mstari mmoja mwembamba, bila unene wowote. Neno likipendeza likiwa mifupa mitupu, litapendeza likivishwa. Likiwa limepinda hapo, hakuna rangi ya dhahabu itakayoliokoa.

Angalia pia herufi za duara. O ikiishia barabara kwenye sakafu na kiuno, itaonekana ndogo kuliko n iliyo pembeni yake, japo rula inasema zinalingana. Kwa hiyo wachoraji huiacha O ivuke mistari kidogo juu na chini, unywele tu. Ncha ya A nayo huvuka juu, na ncha ya V huvuka chini. Ukiona neno lako "linacheza" na hujui kwa nini, mara nyingi sababu ni hiyo.

Baada ya mifupa, unene. Hapa ndipo wengi wanapobahatisha. Sehemu nene na nyembamba za herufi hazikuwekwa kwa urembo tu, zilitokana na chombo. Kalamu yenye ncha bapa ukiishika ncha yake ikiwa kwenye pembe ya nyuzi 30 hivi na mstari wa sakafu, bila kuizungusha wala kuikandamiza, inatoa nene na nyembamba yenyewe kulingana na upande unakoelekea. Ndiyo maana katika herufi kubwa za Kirumi kila mshazari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia ni mnene. Mguu wa kushoto wa A ni mwembamba na wa kulia mnene. V inaanza na mnene inamalizia na mwembamba. N ina nguzo mbili nyembamba na mshazari mnene katikati. Z peke yake inavunja utaratibu, mshazari wake hufanywa mnene ingawa unaelekea upande wa pili. Mtu anayekosea hapo, kwa mfano akanenepesha mguu wa kushoto wa A, msomaji wa kawaida hataweza kusema kosa liko wapi, lakini atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Kalamu ya ncha kali inayotanuka, na brashi ya mviringo, zina kanuni nyingine: unene unaletwa na kukandamiza. Mkono ukishuka unakandamiza, ukipanda unalegeza. Kwa hiyo hata ukichora kwa penseli ya kawaida, jiulize kila mstari ulichorwa mkono ukienda wapi. Nenepesha ya kushuka tu, ya kupanda iache nyembamba. Kwa kanuni hiyo moja herufi zako zitatulia.

Kuna historia nzuri hapa. Kwenye nguzo ya mfalme Trajan kule Roma, iliyozinduliwa mwaka 113, kuna maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe ambayo hadi leo wachoraji wanayachukua kama kipimo cha herufi kubwa. Kwa muda mrefu watu walidhani vile vijiguu vidogo vya mwisho wa mistari vililetwa na patasi. Edward Catich, padri wa Marekani ambaye aliwahi kuwa mchoraji wa mabango, aliyachunguza maandishi yale kwa karibu, na mwaka 1968 akachapisha hoja kwamba yalipakwa kwanza kwa brashi bapa, kisha mchongaji akaufuata mchoro wa brashi. Nadhani ilihitaji mtu mwenye mkono wa brashi kuliona hilo. Kwetu maana yake ni kwamba hata herufi ya jiwe ilianza kwa kuchorwa.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, na ambalo fonti nyingi hazikulifikiria. Lugha yetu imejaa a. Chukua maneno "amani na baraka": herufi 13, na 6 kati yake ni a. Kwa hiyo ukichora kibao cha Kiswahili, chora a kabla ya herufi nyingine yoyote, maana nusu ya sura ya kazi yako iko pale. Una maumbo mawili ya kuchagua. Kuna a ya vitabuni, yenye kofia juu na tumbo chini, na kuna a ya mkono, yaani duara lenye mguu. Ile ya vitabuni ina mambo mengi ndani yake, na zikikaa 6 karibu karibu zinaleta msongamano, hasa kwa herufi nene. Ile ya duara inapumua, lakini ukiizidisha uduara neno zima linakuwa mapovu. Mimi napenda a ya duara iliyobanwa kidogo kuwa yai, yenye mguu ulionyooka.

Na hapa ndipo mkono unapoishinda mashine. Fonti ya kawaida itakupa a 6 zilizo sawasawa kabisa. Ukichora mwenyewe, a ya mwisho ya "baraka" unaweza kuivuta mkia ukafunga mstari. Ile inayotangulia k unaweza kuipunguza mguu ili isigombane nayo. Za katikati ziache tulivu. Urembo ukae mahali pamoja au pawili, mwanzoni na mwishoni. Kila herufi ikivaa mkia, neno halisomeki.

Tazama tena maneno hayo: hakuna hata herufi moja inayoshuka chini ya sakafu. Ukiyaandika kwa mistari mitatu, mistari inaweza kukaribiana sana bila kugongana. Lakini ukiweka "nyumbani" mstari wa juu, y inashuka, na lazima uitafutie mahali pa kuteremkia kabla hujapima nafasi ya mistari. Vilevile maneno yetu ni marefu. "Tunawakaribisha" haliwezi kuingia kwenye ubao mwembamba kwa herufi za ukubwa ule ule uliotumia kwa "pendo". Usilikate neno, na usitenganishe kamwe ng', ny, ch wala sh. Ama geuza ubao uwe wa kulala, ama bana upana wa herufi zote kwa pamoja. Na ile alama ya ng' kwenye neno kama "ing'aayo" iingize juu ya nafasi ya g na a. Usiipe nafasi yake kama herufi, utaacha pengo katikati ya neno.

Nafasi kati ya herufi ndiyo somo zito kuliko yote. Usipime kwa rula. Fikiria unamimina mchanga kati ya kila herufi mbili, kiasi cha mchanga kiwe sawa kote. Nguzo mbili zilizonyooka zinahitaji umbali mkubwa zaidi, nguzo na duara umbali mdogo kidogo, maduara mawili yakaribiane zaidi. Jaribu na KARIBU kwa herufi kubwa. Mguu wa K na mguu wa A vinakutana chini na kuacha uwazi mkubwa juu, na huwezi kuuondoa wote. Unachoweza ni kuzikaribisha K na A hadi karibu zigusane, kisha kuzifungua herufi nyingine zilingane nazo. I na B ni nguzo mbili zinazotazamana, ziache mbali kuliko unavyodhani. Ukimaliza, geuza karatasi juu chini. Ukiwa hulisomi tena neno, macho yanaanza kuyaona mapengo.

Ukubwa: wachoraji wa mabango hutumia kadirio la sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Kibao cha juu ya mlango wa sebule hakifai kuwa na herufi za kadi ya mwaliko.

Kuhamisha mchoro kwenye mbao au kitambaa ni rahisi. Karatasi ya kaboni inatosha, au paka penseli laini mgongoni mwa karatasi, uiweke, ufuatishe mchoro kwa kalamu ngumu. Kwa ukuta au ubao wa rangi nyeusi tumia chaki badala ya penseli. Kama neno utalirudia mara nyingi, fanya kama mafundi wa mabango: toboa mchoro kwa sindano, vitundu karibu karibu kufuata mistari, kisha gongagonga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa chaki. Karatasi hiyo inatumika tena na tena.

Nawasilisha. Wenye maswali karibuni, na wanaodarizi, wanaochonga na wanaochora kwenye kioo waje na ya kwao.

StensiliTu

Mkuu darasa zuri, ila nakupinga kidogo. Siyo kila mtu ana muda wa kuchora a moja jioni nzima. Mimi natumia stensili (karatasi ngumu au plastiki iliyokatwa matundu ya herufi) na mashine ya kukata stika, nafanya vibao vya zawadi, na wanaopokea wanafurahi. Kuna ubaya gani?

MpendaHerufi

Hakuna ubaya wowote mkuu, na stensili ni chombo cha kale chenye heshima yake. Ninachopinga ni kuchukua herufi ya mtu mwingine ukaibandika bila kuitazama. Mashine ya kukata inakata chochote unachoipa. Chora neno lako kwa mkono, lipige picha au liskani, lisafishe kwenye programu, ipe mashine likate. Umepata kasi na kazi ni yako. Hata ukitaka kubaki na fonti, tenganisha herufi na usogeze K na A kwa jicho lako.

NyumbaSafi

Nami naomba msaada kwenye hiyo hiyo stensili. Kila nikiitoa, rangi imevuja chini yake, kingo za herufi zina ndevu. Nimebadilisha rangi, nimebadilisha brashi, hali ni ile ile. Ubao wangu una rangi nyeupe ya maji, herufi ni nyeusi.

StensiliTu

Hilo ni langu dada. Bandika stensili, kisha paka kwanza rangi nyeupe ile ile ya ubao kwenye kingo za herufi. Kama kuna upenyo, kitakachovuja ni cheupe juu ya cheupe, hakionekani, na kikikauka kinaziba upenyo. Halafu ndiyo upake nyeusi. Kwenye ubao usiopakwa rangi tumia vanishi isiyo na rangi badala yake. Brashi iwe kavu, chovya kidogo, ifute kwenye kitambaa hadi ionekane kama haina kitu, kisha gonga wima, usivute. Tabaka tatu nyepesi zinakaa vizuri kuliko moja nzito. Stensili itoe rangi ikiwa bado haijakauka kabisa, ukisubiri sana itang'oka na kingo.

MpendaHerufi

Naongezea upande wa mbao. Rangi ya maji huinua nyuzi za mbao, zinasimama kama manyoya, na rangi ya herufi inapita chini yake. Piga msasa namba 120, kisha 180, lowesha ubao kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke, nyuzi zikishasimama pita na 220 taratibu. Ndipo upake rangi ya chini. Kama ubao una fundo, lizibe kwanza kwa sheleki (aina ya vanishi ya spiriti), la sivyo utomvu utapenya rangi nyeupe na kuacha doa la kahawia katikati ya neno lako.

SindanoNaUzi

Nimefurahi kuona uzi huu, maana sisi wadarizi tuna undugu wa siku nyingi na herufi. Kwenye makumbusho ya Victoria and Albert kule London kuna kitambaa kilichodariziwa na Jane Bostocke mwaka 1598, na ndani yake mna alfabeti. Watu waliweka herufi kwenye kitambaa ili zinakiliwe baadaye.

Kwa anayeanza kudarizi neno la ukutani: nyuzi za pamba za kudarizia huja zikiwa na nyuzi ndogo 6 zilizosokotwa pamoja. Usizitumie zote. Chomoa 2 kwa herufi ndogo, 3 kwa kubwa. Chomoa moja moja ndipo uziunganishe tena, zitalala vizuri. Kitambaa kikaze kwenye fremu ya duara hadi kikigongwa kitoe sauti ya ngoma. Kwa herufi za kuunganisha, mshono unaonipa mistari laini ni ule wa shina, ambao kila hatua inaanzia ubavuni mwa iliyotangulia, uzi ukiwekwa upande ule ule daima. Ukibadilisha upande katikati ya herufi, mstari unaonyesha kovu. Kwenye kona za a na b fupisha hatua, nusu ya zile za mstari ulionyooka, vinginevyo duara linakuwa na pembe.

Na ile kanuni ya nene na nyembamba inafanya kazi hapa pia. Mistari ya kupanda naishona mara moja, ya kushuka naishona mistari miwili au mitatu iliyobanana, au naijaza kwa mshono wa kujaza unaolala upande mmoja.

Kitu kimoja ambacho hakionekani mpaka umemaliza: usiruke na uzi kutoka herufi moja hadi nyingine kwa nyuma kama kitambaa ni cheupe. Ukikitundika ukutani, ule uzi wa nyuma unaonekana kama kivuli kati ya herufi. Funga, kata, anza upya. Pia kalamu za wino unaotoka kwa maji: suuza kabla ya kupiga pasi. Joto linaufanya wino ule ugandie.

MpendaHerufi

Dada hii ya uzi wa nyuma ni dhahabu. Unapanga vipi nafasi ya herufi kwenye kitambaa, unafuata nyuzi zake au unachora?

SindanoNaUzi

Nachora kwanza, kama ulivyosema. Nyuzi za kitambaa nazitumia kwa sakafu tu, nahesabu uzi mmoja wa mlalo na kuufuata, kwa hiyo mstari wangu haupandi wala haushuki. Nafasi naiacha kwa jicho. Nakibandika kitambaa dirishani juu ya mchoro, mwanga ukipita naufuatisha.

KalamuYaTete

Wakuu, msisahau upande wa herufi za Kiarabu, maana huko kipimo cha herufi kina historia ndefu. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayehesabiwa kuwa aliweka herufi kwenye uwiano. Kipimo chake ni nukta: unaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, inatoa umbo la almasi, na nukta hiyo ndiyo inayopima kila kitu. Alifu, ile herufi ya mstari wa wima, ina urefu wa nukta kadhaa kutegemea mtindo, na duara ambalo kipenyo chake ni alifu ndilo linalozaa mikunjo ya herufi nyingine. Ukichukua kalamu pana zaidi, nukta inakua, na herufi zote zinakua kwa pamoja bila kupoteza uwiano. Baada yake akaja Ibn al-Bawwab, aliyefariki mwaka 1022, akausafisha utaratibu huo.

Ninapochora kwa ajili ya ukuta nafanya hivyo hivyo: nukta kwanza, pembezoni mwa karatasi, kama ushahidi wa kipimo. Kalamu ya tete naichonga mwenyewe, ncha inakatwa mshazari, na upana wa ncha hiyo ndio mwanzo wa hesabu yote.

MpendaHerufi

Nashukuru sana mkuu. Na ajabu ni kwamba upande wa herufi za Kilatini walifikia njia hiyo hiyo ya kupima kwa upana wa kalamu. Edward Johnston, aliyeanza kufundisha London mwaka 1899 na ambaye pia alichora herufi za treni za chini ya ardhi za mji huo, zilizoanza kutumika 1916, alichukua kitabu cha Zaburi kilichoandikwa kwa mkono Uingereza mwishoni mwa karne ya 10 akajifunza kutoka kwacho. Mwandiko aliowafundisha wanafunzi wake una urefu wa upana wa kalamu mara 4 kutoka sakafu hadi kiuno. Kwa hiyo mtu mwenye kalamu ya milimita 5 anajua kiuno chake kiko milimita 20. Jaribuni: pigeni vimraba 4 vya ncha ya kalamu, kimoja juu ya kingine, pembeni mwa karatasi, kisha pigeni mistari. Mkipunguza viwe 3 herufi inakuwa nzito na nyeusi. Mkiongeza viwe 6 inakuwa nyembamba. Uzito wa neno lote unaamuliwa hapo, kabla hujaandika chochote.

PatasiKali

Mimi ni wa kuchonga. Ukitaka herufi za mbao zinazoishi, chonga mfereji wa umbo la V. Rangi si lazima, mwanga wenyewe utaandika: ukuta mmoja wa mfereji unapata mwanga, mwingine unabaki kivulini, na neno linasomeka hata kama mbao ni rangi moja. Kwa hiyo jua kwanza mwanga wa chumba unatoka wapi. Kibao kinachopata mwanga wa ubavuni kinapendeza, kinachotazamana na dirisha moja kwa moja kinakuwa bapa.

Namna ya kukata: piga kwanza mkato wa wima katikati ya mstari mnene, huo ndio sakafu ya mfereji. Kisha ingia kutoka ubavuni kwa mshazari, upande mmoja halafu wa pili, vipande vinatoka vyenyewe vikikutana na ule mkato. Unene wa mstari ukiongezeka, mfereji unaongezeka kina, kwa hiyo herufi yenye nene na nyembamba inapanda na kushuka ndani ya mbao. Ndiyo raha ya kazi hii.

O ndiyo mtihani. Nyuzi za mbao zinaelekea upande mmoja lakini duara linageuka, kwa hiyo lazima ubadilishe mwelekeo wa patasi mara 4, kila robo. Ukiendelea upande ule ule, robo moja itatoka safi na inayofuata itararuka. Chagueni mbao yenye nyuzi zilizonyooka na zilizobanana, na patasi iwe kali kiasi cha kukata nyuzi kwa upana bila kuzisaga.

NyumbaSafi

Asanteni sana, ndevu nimezielewa. Swali lingine: nimeandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya mbao, nikapaka vanishi ya maji, herufi zote zikatambaa. Na kibao kingine nilipaka vanishi ya mafuta, hakikutambaa, lakini herufi nyeupe sasa zimekuwa za manjano.

MpendaHerufi

Yote mawili ni ya kawaida. Wino wa kalamu nyingi unayeyushwa na maji ya vanishi, na brashi ikipita inauburuta. Acha wino ukauke vizuri, siku nzima au zaidi, kisha pulizia vanishi ya kopo tabaka mbili nyepesi sana kwanza, usiguse kwa brashi mpaka zikauke. Jaribu kwenye kipande cha mbao hiyo hiyo kabla. Vanishi ya mafuta nayo huenda njano kadiri muda unavyopita, ni tabia yake. Juu ya mbao ya kahawia inaleta joto zuri, juu ya nyeupe inaharibu. Weupe unataka vanishi ya maji. Na kwa wino, tafuta ule wa pigmenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka. Wino wa rangi za kuyeyuka hufifia kwenye jua, na neno la ukutani linapata mwanga kila siku.

MkonoWaKushoto

Nimesoma uzi wote mwanzo hadi mwisho. Mimi naandika kwa mkono wa kushoto, na kila nikijaribu kalamu ya ncha bapa, nene zinakuja mahali pa nyembamba, na mkono unafuta nilichoandika. Niache?

KalamuYaTete

Usiache ndugu. Mkono wako unashuka kutoka upande mwingine, kwa hiyo pembe ya nyuzi 30 unaipata kwa kugeuza karatasi, siyo kwa kupinda kifundo. Izungushe kuelekea kulia hadi ncha ikae kwenye pembe hiyo, wengine huigeuza karibu ilale kabisa na kuandika kwa kushuka kuelekea kifuani. Ziko pia nibu (ncha za kalamu za chuma) zilizokatwa mshazari kwa ajili ya mkono wa kushoto. Ukichonga kalamu ya tete, kata mshazari huo mwenyewe. Na kwa anayeandika herufi za Kiarabu kwa kushoto, kutoka kulia kwenda kushoto, mkono unatangulia mbele ya wino, haufuti ulichoandika; weka tu karatasi safi chini ya kiganja na uandike mstari wa juu kwanza.

MpendaHerufi

Na kumbuka hapa tunachora zaidi kuliko kuandika. Chora mifupa kwa penseli, weka alama nyepesi mahali panapopaswa kuwa nene, kisha jaza kwa brashi ndogo kutoka upande wowote unaokufaa. Kwa mazoezi anza na o, n na a, kwa sababu duara la o linarudi ndani ya b na d, tao la n linarudi ndani ya m na u, na a tumeshaona inavyojaa kwenye maneno yetu. Jaza ukurasa wa o hadi zilingane, kisha uende n. Ukikwama weka picha ya ukurasa huo hapa tuone pembe yako ya kalamu.